Chombo Kilichotekwa: Tafakuri juu ya Meli, Riwaya na Kiswahili cha West Nile

Utangulizi

Kila mwanafunzi anayejiunga na Idara ya Kiswahili hufundishwa, katika juma la kwanza kabisa, kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano. Huiandika sentensi hiyo daftarini, huikariri, na mtihani ukiwadia huirudisha kama alivyopewa. Ni nadra kumsikia anayeuliza: chombo gani? Neno hili lina maana pana. Sufuria ni chombo, jembe ni chombo, na meli nayo ni chombo. Walimu wengi tunapoitamka fasili ile huwazia kitu cha mkononi, mfano wa jembe au kalamu, ambacho mwenye nacho hukitumia apendavyo kisha akakiweka chini. Makala haya yanapendekeza tuirudie fasili hiyo kwa kuwazia chombo cha majini: kitu kinachobeba watu na shehena, kinachopeperusha bendera ya mwenye nacho, na ambacho adui anaweza kukiteka.

Sababu ya pendekezo hili si kupamba lugha. Wahenga walisema kwamba chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Hapa West Nile methali hiyo ndiyo hoja kubwa dhidi ya somo letu, hata kama wanaoitoa hawaitamki kwa maneno hayo. Mzazi wa Logiri, wa Koboko au wa Arua mjini humwambia mwanawe kwamba Kiswahili ni lugha ya askari. Chombo kimebeba bunduki, kwa hiyo kitanuka baruti daima. Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha hukutana na hoja hii, na wengi wao hawana jibu ila kusema kwamba mtaala ndivyo unavyotaka. Hilo si jibu.

Tutachunguza maisha ya vyombo vilivyowahi kutekwa au kuzamishwa vitani, kisha riwaya na filamu iliyotokana na habari za vyombo hivyo, na mwishowe tutajiuliza sisi wenyewe tumekifanya nini chombo tulichokabidhiwa.

Meli ya Kifaransa mikononi mwa Waingereza

Tuanze mbali. Mwezi Desemba 1781, katika vita vya uhuru wa Marekani, kikosi cha Kiingereza kilichoongozwa na Kempenfelt kiliuvamia msafara wa Kifaransa karibu na Ushant, kisiwa kilicho magharibi mwa Ufaransa. Msafara ule ulikuwa ukipeleka zana na mahitaji ya jeshi upande wa pili wa Atlantiki. Miongoni mwa meli zilizotekwa ilikuwamo Abondance, meli ya jeshi la majini la Ufaransa ya kubebea vifaa. Waingereza waliiingiza katika jeshi lao. Jina hawakulibadili, jambo lililokuwa la kawaida kwao walipoteka meli za Kifaransa katika enzi hiyo. Abondance maana yake ni wingi au neema, nalo likaendelea kuwa jina lake chini ya bendera ngeni.

Mwaka 1783 vita vilipokwisha, Waingereza walikuwa wakiondoka New York. Pamoja nao walikuwapo maelfu ya watu weusi waliotoroka utumwani wakati wa vita na kukimbilia upande wa Waingereza kwa ahadi ya uhuru. Majina ya watu wapatao 3,000 yaliandikwa katika daftari moja, pamoja na meli iliyombeba kila mmoja. Abondance ni mojawapo ya meli hizo. Iliwachukua abiria wake hadi Nova Scotia, katika nchi inayoitwa leo Kanada. Meli iliyoundwa kubeba mahitaji ya jeshi moja, ikatekwa na jeshi jingine, sasa ilikuwa imebeba watu waliokuwa wakiondoka utumwani.

Tusiharakishe kushangilia. Huko Nova Scotia wengi wao walipewa ardhi mbovu, au hawakupewa kabisa, na ubaguzi ukawa mkali. Mwaka 1792 karibu 1,200 kati ya watu weusi wa Nova Scotia walipanda meli nyingine kwenda Sierra Leone. Chombo kilivusha watu, hakikuwajengea nyumba. Lakini mtu akitaka kuihukumu Abondance, ataitazama kwa lipi? Kwa bendera ya kwanza, bendera ya pili, jina lake, au kwa watu waliokuwamo ndani yake mwaka ule? Swali hili tutakuja nalo hadi kwenye maziwa yetu.

Vyombo viwili vya Ziwa Tanganyika

Vita Vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu katika Ziwa Tanganyika. Walikuwa na vyombo vya vita vidogo, Kingani na Hedwig von Wissmann, na kuanzia mwaka 1915 wakawa na meli kubwa, Graf von Götzen. Waingereza hawakuwa na kitu ziwani. Wakaleta mashua mbili za injini kutoka kwao, zikasafiri kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikavutwa kupita milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng’ombe na kwa mikono ya wapagazi wa Kikongo. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa ametaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake walipokataa, akaziita Mimi na Toutou, maneno ya Kifaransa yenye kuleta milio ya wanyama hao hao.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliishambulia Kingani na kuiteka. Nahodha wake aliuawa. Kingani ikatengenezwa, ikapandishwa bendera ya Uingereza, na kuitwa Fifi. Inahesabiwa kuwa meli ya kwanza ya kivita ya Ujerumani kutekwa katika vita vile na kuingizwa katika jeshi la majini la Uingereza. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyoizamisha Hedwig von Wissmann, yaani mwenzake wa jana.

Msomaji wa Kiswahili atalitazama kwa makini jina la kwanza. Kingani ni jina la sehemu ya chini ya mto Ruvu, unaoingia baharini karibu na Bagamoyo. Wajerumani walikuwa wamekipa chombo chao cha vita jina la mto wa Uswahilini. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba jina la kienyeji peke yake hukigeuza kitu kuwa chetu wana la kujifunza hapa. Chombo kiliitwa Kingani na kazi yake ilikuwa mzinga. Kikaitwa Fifi na kazi yake ikabaki mzinga. Mtekaji alibadilisha bendera na jina. Shehena hakuibadilisha.

Habari ya Graf von Götzen ni tofauti. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Huko iliungwa upya, ikashushwa majini mwezi Februari 1915. Jina lilikuwa la gavana aliyetawala koloni la Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, ndiye aliyekuwapo vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Meli ilifungwa mzinga uliotoka katika Königsberg, manowari iliyoangamia katika delta ya Rufiji, nayo ikawa inabeba askari na mahitaji kati ya Kigoma na Bismarckburg, ambako sasa ni Kasanga. Spicer-Simson hakuthubutu kupigana nayo.

Mwezi Julai 1916 Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe isije ikatekwa. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi walioiunga, ambao walitoka nayo Papenburg. Waliipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Katika masimulizi yote ya meli hii, jambo la grisi ndilo lenye uzito kuliko mizinga. Mtu anayeangamiza kitu hakipaki grisi. Wale walizamisha huku wakitarajia kurudi.

Hawakurudi wao. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa tarehe 16 Machi 1924, wakakuta injini zinafaa kutumika. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini na kuliandika. Tangu hapo ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, mitumbwi ikaisogelea kupakia na kupakua watu, magunia na dagaa. Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 uliikuta ikifanya kazi. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zilitolewa zikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia kuwarudisha kwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Zaire, kwa safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Mwezi Mei 2015 ikawachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama Kagunga, mamia kwa kila safari.

Hebu tupige hesabu. Safari yake ya kwanza ilikuwa Juni 1915, na ilizamishwa Julai 1916. Maisha yake ya kivita ni miezi kumi na mitatu. Kutoka 1927 hadi wakimbizi wa Kagunga ni miaka 88.

Riwaya na filamu iliyoizamisha tena

Pamoja na hesabu hiyo, ulimwengu unaijua meli hii kwa ile miezi kumi na mitatu. Mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester alichapa riwaya yake The African Queen mwaka 1935, akitumia mambo ya Ziwa Tanganyika kama malighafi. Mwaka 1951 John Huston aliitengenezea filamu, wakaigiza Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Sehemu ya filamu ilipigwa Kongo, na sehemu nyingine hapa Uganda, Butiaba katika Ziwa Albert na kwenye maporomoko ya Murchison. Kwa maneno mengine, vita vya Kigoma vilikuja kuigizwa jirani na kwetu, kwenye bandari ile ile ambayo watu wa West Nile waliitumia kwa miaka mingi kushuka na kupanda mto wa Nile kupitia Pakwach na Rhino Camp.

Kifani, riwaya ina nguvu. Wahusika wakuu ni wawili tu, Rose na fundi Allnutt, na mto wenyewe. Mwandishi anajua injini, mvuke na kuni. Msomaji huamini kwamba boti bovu linaweza kuteremka maporomoko kwa sababu kila skrubu imeelezwa. Mwisho wake una ujasiri kuliko ule wa filamu. Katika riwaya, boti la wapenzi wale linazama kabla ya kuifikia meli ya Wajerumani, na kazi inamalizwa haraka na jeshi la majini lililokuwa likija bila wao kujua. Taabu yote ile haikuzaa walichokitaka. Filamu haikuvumilia mwisho huo. Mabaki ya boti lililozama ndiyo yanayoilipua meli ya adui, na mashujaa wanaogelea huku wakishangilia. Kwa maoni yangu Forester alikuwa mkweli zaidi, na Huston aliuza tiketi zaidi.

Hata hivyo, kazi zote mbili zina dosari moja ya kimaudhui. Waafrika wanaondolewa jukwaani mapema. Kijiji kinasombwa na Wajerumani, wanaume wakiwa wapagazi, na baada ya hapo mto mzima unabaki kama hauna wenyewe. Hata jiografia inatii matakwa ya wageni: mto unaitwa Ulanga na unaingia ziwani, ilhali Ulanga wenyewe, unaojulikana pia kama Kilombero, hupeleka maji yake Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Kubuni mto si kosa kwa msanii. Lakini ni rahisi zaidi kuugeuza mto mahali ambapo umekwisha kuwaondoa watu wanaokunywa maji yake.

Kutokana na dosari hiyo inakuja nyingine. Meli ya adui katika riwaya na katika filamu, inayopewa jina la Luise au Louisa, haina abiria. Hakuna mama anayepanda na kuku wake, wala gunia la dagaa, wala baharia mwenye jina. Ina kazi moja, kuwa adui, na hatima moja, kuzama. Kwa mtazamo huo haiwezekani kuiwazia miaka 88 iliyofuata. Kwa msimulizi anayekitazama chombo kutoka ufukweni akiwa na bomu mkononi, kukizamisha ndio mwisho wa hadithi.

Fauka ya hayo, kuna sauti ambayo msimulizi hakuisikia kabisa. Wajerumani waliwaamuru askari wao Waafrika kwa Kiswahili. Waingereza katika King’s African Rifles walifanya vivyo hivyo. Upande wa magharibi wa ziwa, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika Maniema na Katanga kwa njia ya biashara kabla ya bendera yoyote ya Kizungu. Maadui waliokuwa wakitekana meli walikuwa wakiamrisha kwa lugha moja. Lugha hiyo nayo ilikuwa imetekwa, kila jeshi likaitia shehena yake.

Kuteka na kuopoa

Kiswahili kina maneno mawili yatakayotusaidia hapa. Kuteka ni kuchukua kwa nguvu, na pia ni kuchota maji. Kuopoa ni kutoa kitu kilichozama. Anayeteka hukikuta kitu juu ya maji, kizima, akakinyakua. Hana haja ya kujua kilivyoundwa. Anayeopoa lazima ashuke, atoe mchanga, akague injini, aamue kipi kimeoza na kipi kimehifadhiwa. Fifi ilitekwa. Liemba iliopolewa. Ya kwanza iliendelea na kazi ya mtekaji. Ya pili ilipata kazi mpya.

Tusiwasifu mno waliopoa. Waingereza wa mwaka 1924 hawakushuka ziwani kwa huruma; walihitaji meli ya kuendeshea koloni. Jina Liemba liliteuliwa nao. Lakini meli ilipoanza kubeba watu na mizigo ya watu, abiria wakaifanya yao kwa kuipanda, kila safari, kwa miaka mingi kuliko utawala wenyewe ulivyodumu.

Kiswahili chetu

Sasa tuje nyumbani. Eneo hili letu nalo limebadilishiwa bendera mara kadhaa. Lilikuwa sehemu ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwezi Desemba 1909. Mwaka 1910 likaingizwa Sudan, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda, ndipo kituo cha serikali kikafunguliwa Arua. Vijana wa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi wakaandikishwa katika King’s African Rifles, na huko ndiko wengi walikojifunza Kiswahili. Idi Amin, mtu mwenye asili ya Koboko, aliingia jeshi hilo mwaka 1946. Mwaka 1973, akiwa rais, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa.

Ukilitazama tamko lile kwa istilahi tulizozieleza, lilikuwa kuteka, si kuopoa. Jina lilibadilika: jana lugha ya kambini, leo lugha ya taifa. Walimu hawakuandaliwa kwa wingi, vitabu havikuenea, shule hazikubadilika. Kiswahili kiliendelea kubeba kile kilichokuwa kikibeba, yaani amri. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalifika hapa yakizungumza Kiswahili. Miaka iliyofuata watu wa West Nile waliuawa na kufukuzwa na askari wa serikali mpya. Mauaji ya Ombaci ya mwezi Juni 1981 yanakumbukwa hadi leo. Watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Aliyekuwa amejificha kichakani alisikia lugha gani barabarani? Mzazi anayesema kwamba Kiswahili ni lugha ya askari hasemi uvumi. Anatoa ushahidi, na mwalimu anayemjibu kwa dharau hafai kufundisha hapa.

Lakini ushahidi huo unatufundisha pia kitu cha kisarufi. Ukikisikiliza Kiswahili cha wazee wengi wa eneo hili, utakuta vitenzi vingi viko katika hali ya kuamuru. Kaa chini. Simama. Lete. Toa. Kwenda. Ni maneno yale ambayo mtu mwenye bunduki humwambia asiye nayo. Kinachokosekana ni upande wa pili wa lugha hiyo hiyo: naomba, tafadhali, niwie radhi, tusaidiane, mtoto asilie. Si kwamba Kiswahili hakina adabu. Ni kwamba adabu haikupakiwa katika safari iliyofika kwetu. Vumba la methali yetu liko pale hasa, katika kitenzi. Hilo ni jambo zuri kulijua, kwa sababu kitenzi mwalimu anaweza kukifundisha.

Tukague basi namna tunavyofundisha sisi. Vitabu vingi vya wanaoanza hufungua na nini? Simama, kaa, njoo, nenda, funga mlango, fungua kitabu. Ni mbinu rahisi, kwa kuwa hali ya kuamuru ina umbo fupi. Pwani, ambako mtoto amekwisha kusikia shikamoo kabla ya kusikia simama, haina madhara. Huku kwetu mtoto anapokwenda nyumbani na kurudia somo lake la kwanza mbele ya bibi yake, bibi anamsikia askari. Tumeikuta meli na mzinga wake, nasi tumeuacha mzinga pale pale kwa kuwa ni mwepisi kuueleza.

Napendekeza kinyume chake. Somo la kwanza liwe salamu na maombi. Kiishio cha -e, ambacho huwa tunakichelewesha kwa madai kwamba ni kigumu, kije mapema: naomba uniletee maji, tukae hapa, nikusaidie. Mtoto wa Kilugbara hashindwi na kiishio kimoja. Anashindwa na somo lisilo na faida kwake. Hali ya kuamuru ifundishwe baadaye, pamoja na maelezo ya nani anaweza kuitumia kwa nani. Huko ndiko kubadilisha shehena.

Grisi nayo ipo. Baada ya 1979 wazee wengi walikiacha Kiswahili kinywani lakini hawakukitoa kichwani. Waliokaa ukimbizini upande wa Zaire walirudi na Kiswahili cha sokoni kilichopakana na Kilingala. Wafanyabiashara wanaovuka Vurra hupatana bei kwa lugha hiyo. Wako watu waliofanya kazi katika mashamba ya miwa ya kusini, wakajifunza Kiswahili cha wafanyakazi wenzao. Hizo ni injini zilizohifadhiwa chini ya maji. Idara isiyowauliza wenye nazo, ikaagiza kila mfano kutoka kitabu cha Pwani, inajitia gharama ya kununua injini mpya wakati ya zamani inafaa.

Abiria nao wamebadilika. Rhino Camp, palipokuwa kituo cha meli za Butiaba, sasa ni makazi ya wakimbizi, pamoja na Imvepi, na Bidibidi iliyofunguliwa Yumbe mwaka 2016. Watoto wa waliokimbilia Sudan sasa wanawapokea watu wa Sudan Kusini. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia somo hili liwe la lazima shuleni. Maazimio hayo tuyapokee, ila tukumbuke 1973. Azimio bila mwalimu hubadilisha jina la meli tu.

Hitimisho

Je, chombo kilichopikiwa samaki huacha kunuka vumba? Methali inasema la, nami sina haja ya kuipinga. Bodi la Liemba ni lile lile lililoundwa Papenburg, na anayetaka kukumbuka mzinga wa Königsberg ana haki ya kukumbuka. Lakini wakimbizi wa Uvira na wa Kagunga hawakuulizwa kama wanasikia harufu ya baruti. Waliuliza kama kuna nafasi. Riwaya na filamu haikuliona hilo kwa sababu iliitazama meli kama adui tu. Wazazi wetu hawakuliona kwa sababu walikuwa wakiikimbia. Sisi walimu hatuna udhuru wa namna hiyo.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao, natoa kazi mbili. Kwanza, kila mmoja aandae somo la kwanza la kidato cha kwanza lisilo na kitenzi hata kimoja cha kuamuru. Pili, kila mmoja azungumze na mzee mmoja wa kijiji atakachopangiwa, kwa idhini yake, na kuandika maneno ya Kiswahili anayoyakumbuka na mahali alipoyasikia, yakiwemo yale yanayouma. Orodha hizo zikusanywe Idarani. Tutakapozisoma pamoja tutajua kipi kimeoza na kipi kimehifadhiwa, na tutakuwa na cha kumjibu mzazi anayetuuliza kwa nini tunamfundisha mwanawe lugha ile.